Kisu na daftari: historia ya mchepuko wa tumbo



Juma lililopita dada yangu mkubwa alinipigia simu saa tano za usiku. Katika ukoo wetu, simu ya saa hizo huwa ya msiba, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimekwisha kaa kitandani. Kumbe hapakuwa na msiba. "Mdogo wangu," alisema, "nataka kuuza kile kiwanja cha Kihonda nikapasuliwe tumbo."

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro. Ana miaka 51, urefu wa sentimeta 162 na uzito wa kilo 118. Kisukari anacho mwaka wa nane sasa, na magoti yanamsumbua kiasi kwamba hufundisha akiwa ameketi. Alikuwa ameona katika simu yake picha za mama mmoja aliyepungua nusu ya mwili, na amepata wakala anayepeleka watu nje ya nchi kwa upasuaji huo. "Wewe ni mtangazaji, unasoma mambo mengi," akaniambia. "Nieleze, ni kweli au ni utapeli?"

Nilimwomba juma moja. Niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza leo, maana najua dada yangu hayuko peke yake.

Kwanza tukumbushane jambo. Sisi tuliokua katika miaka ya 1990 tulifundishwa kwamba unene ni neema. Mtu akinenepa tulisema maisha yamemkubali. Kitambi kilikuwa cheo cha bosi. Na mtu akikonda, majirani walinong'ona, kwa kuwa Ukimwi ulikuwa ukiwakausha watu machoni petu. Wenzetu wa Uganda waliufahamu ugonjwa huo kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa hiyo unene hatukuuhesabu kuwa maradhi. Na siku unene ulipozidi tukauchekea: bonge, mlafi, mvivu. Kati ya sifa na kejeli, hatukubakiza nafasi ya kuuliza mwili unafanya nini hasa. Historia ya upasuaji huu ni historia ya watu waliolazimika kuuliza swali hilo, na wengine waliliuliza wakiwa wamekwisha chelewa.

Upasuaji wenyewe nitauita mchepuko wa tumbo. Najua vijana wamelipa neno mchepuko maana nyingine. Mimi leo nazungumzia barabara. Lori linalokwenda mbali hupita barabara ya mchepuko likauzunguka mji bila kuingia sokoni. Ndivyo wanavyokifanyia chakula.

Mtu akila, chakula hushuka hadi kwenye mfuko wa chakula, ambao kwa mtu mzima huweza kubeba lita moja na zaidi. Kutoka hapo huingia utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi, ambako hukutana na nyongo na maji ya kongosho, kikasagwa na kufyonzwa. Daktari wa mchepuko huutenga upande wa juu wa mfuko ule na kuacha kifuko kidogo tu, chenye kubeba kiasi cha vijiko viwili vikubwa vya chakula, yaani mililita 30 hivi. Kisha huukata utumbo mwembamba, akaupandisha mkono mmoja na kuuunganisha na kifuko hicho. Mkono wa pili, ule unaoleta nyongo na maji ya kongosho, huungwa mbele zaidi. Njia mbili hukutana na kuwa moja, mfano wa herufi Y. Mfuko mkubwa uliobaki hautolewi. Unabaki ndani kama mji ambao malori hayapiti tena.

Ile Y haikubuniwa kwa ajili ya wanene. Mwenye nayo ni daktari César Roux wa Lausanne, Uswisi, katika miaka ya 1890, na alikuwa akiwasaidia watu ambao njia ya kutokea chakula tumboni ilikuwa imeziba. Kabla yake, mwaka 1881, Theodor Billroth wa Vienna alifaulu kukata sehemu ya tumbo la mama mmoja mwenye saratani na kuunganisha kilichobaki. Mama yule aliishi miezi michache tu, kwa kuwa saratani ilirudi, lakini madaktari walikwisha kuona kwamba tumbo linaweza kukatwa na kuungwa, na mtu akala tena.

Kumpasua mtu kwa sababu ya unene peke yake kulikuja baadaye sana. Mwaka 1952, katika mji wa Göteborg, Sweden, daktari Viktor Henrikson alikata na kuondoa kipande cha utumbo mwembamba wa mwanamke mnene. Mwaka 1954 madaktari Kremen, Linner na Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuuchepusha utumbo bila kuutupa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: utumbo ndio unaofyonza chakula, basi tuufupishe, na mwili utapungua.

Wasikilizaji, hoja nyepesi ndizo za kuogopa. Huko Los Angeles, madaktari Payne na DeWind waliiendeleza njia hiyo kuanzia mwaka 1956. Kwanza waliunganisha utumbo mwembamba moja kwa moja na utumbo mpana. Wagonjwa waliharisha na kuishiwa chumvi za mwili kiasi kwamba ilibidi wengi wapasuliwe tena na kurudishiwa njia ya zamani. Ndipo wakabuni hesabu nyingine, waliyoitangaza mwaka 1969: waliacha sentimeta 35 za mwanzo wa utumbo mwembamba, wakaziunga na sentimeta 10 za mwisho wake. Utumbo wa mita 6 ukabaki na kazi ya chini ya nusu mita.

Watu walipungua kweli. Mtu alikula atakavyo na bado akapungua. Unaweza kudhani jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Maelfu ya Wamarekani wakapanga foleni katika miaka ya 1960 na 1970.

Kisha miaka ikapita na deni likaanza kudaiwa. Kuharisha hakukukoma. Mawe yakajaa kwenye figo. Viungo vikauma. Wengine maini yao yaliharibika, na miongoni mwao wapo waliokufa kwa ugonjwa wa ini miaka kadhaa baada ya mizani kuwapa pongezi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa, na madaktari wakabaki na kazi ya kuwatafuta na kuwarekebisha waliokwisha fanyiwa.

Hapa niliiweka chini kalamu yangu nikamfikiria dada. Zile picha za simu huonyesha mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi na mbili. Watu wa Los Angeles nao walipendeza sana mwezi wa kumi na mbili.

Sasa tuhamie Iowa, katikati ya Marekani, kwenye mashamba ya mahindi. Katika hospitali ya chuo kikuu cha jimbo hilo alikuwako daktari mpasuaji Edward Mason, aliyezaliwa mwaka 1920. Siku zile vidonda vya tumbo vilitibiwa kwa kisu. Bado hawakuwako Barry Marshall na Robin Warren, wale Waaustralia ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walionyesha kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Basi mgonjwa wa vidonda alikatwa sehemu ya tumbo, akashonwa, akarudi nyumbani. Mason aliona kwamba wanawake waliokatwa hivyo walipungua, na hata walipotaka kunenepa hawakuweza. Kwa mgonjwa wa vidonda hiyo ilikuwa hasara. Mason akajiuliza: je, kwa mtu ambaye unene unamuua, si ingekuwa dawa?

Mwaka 1966 Mason na mwenzake Chikashi Ito walifanya mchepuko wa kwanza wa tumbo kwa ajili ya unene, na mwaka 1967 wakautangaza. Tofauti na Los Angeles ilikuwa kubwa. Hawakuufupisha utumbo hadi kubaki kipande. Walikipunguza kifuko cha kupokelea chakula, wakauacha utumbo mrefu uendelee na kazi yake.

Haikuwa kamili. Vifuko vya kwanza vilikuwa vikubwa mno, na watu hawakupungua vya kutosha. Nyongo nayo ilipanda na kuwachoma. Mwaka 1977 Ward Griffen na wenzake wa Kentucky walitumia ile Y ya Roux, na nyongo ikakaa mbali. Ndugu zangu, ilichukua miaka zaidi ya 80 kwa mshono wa Mswisi kukutana na wazo la mtu wa Iowa.

Kuna jambo moja la Mason ambalo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Mason aliuogopa upasuaji wake mwenyewe. Alihofia kwamba miaka ikipita wagonjwa wangepungukiwa madini na vitamini, na kufikia mwaka 1980 akageukia njia nyingine, ya kulibana tumbo kwa pini na mkanda bila kuuchepusha utumbo. Wengine waliendelea na mchepuko, na muda ulipopita ikaonekana kwamba wengi waliobanwa walirudia unene. Baba alikuwa amemwacha mtoto wake, na mtoto akaja kuwa bora kuliko mdogo wake.

Tumejuaje hayo? Kwa sababu waliandika. Mwaka 1983 Mason aliongoza kuanzishwa kwa chama cha madaktari wa upasuaji wa unene nchini Marekani, na katikati ya miaka hiyo ya 1980 akaanzisha daftari kubwa la pamoja, ambamo hospitali mbalimbali ziliandika wagonjwa wao: nani alipasuliwa, kwa njia gani, alipungua kilo ngapi, alipatwa na nini, yuko wapi sasa. Mason alifariki Desemba 2020, akiwa ametimiza miaka 100. Wanamwita baba wa upasuaji wa unene kwa sababu ya kisu chake. Mimi ningemwita hivyo kwa sababu ya daftari.

Kufuatilia wagonjwa ndiko kulikoleta mshangao mkubwa kuliko wote. Katika mji wa Greenville, jimbo la North Carolina, daktari Walter Pories alikuwa akifanya mchepuko tangu mwaka 1980. Wagonjwa wake wenye kisukari walishuka sukari siku chache tu baada ya kupasuliwa, kabla hawajapungua uzito wa kuonekana. Mwanzoni walidhani vipimo vimekosea. Mwaka 1995 Pories alitoa taarifa ya wagonjwa 608. Kati ya wagonjwa 146 wenye kisukari cha ukubwani, 121 sukari yao ilirudi kawaida ikabaki hivyo. Taarifa hiyo aliipa kichwa kinachoanza kwa swali: nani angelidhania?

Ikiwa sukari inashuka kabla ya kilo, basi upasuaji unafanya jambo zaidi ya kubana chakula. Mwaka 1999 Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua homoni inayotengenezwa hasa tumboni ambayo huuambia ubongo kwamba kuna njaa. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle wakaona kwamba kwa waliofanyiwa mchepuko homoni hiyo iko chini sana, ilhali kwa mtu anayejinyima chakula hupanda. Zipo nyingine, zinazotolewa na utumbo wa chini, ambazo huleta shibe na kuisaidia kongosho. Hizo baada ya mchepuko huongezeka. Tumbo na ubongo huzungumza mchana kutwa na usiku kucha, na mchepuko huyabadili mazungumzo hayo.

Tafakarini maana yake. Mtu mnene anayejinyima huwa anapigana na mwili wake mwenyewe, nao humwongezea njaa kadiri anavyopungua. Miaka yote dada yangu alipoanza mlo wa mboga Januari na kushindwa kufikia Pasaka, sisi ndugu tulicheka. Nami nilicheka. Leo namwomba radhi hapa hapa hewani.

Kuhusu umri wa kuishi, Waswidi walifanya kazi kubwa. Tangu mwaka 1987 waliwafuata watu wanene zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu wakitibiwa kwa njia za kawaida. Mwaka 2007 walitoa hesabu ya vifo: 101 kati ya 2,010 waliopasuliwa, na 129 kati ya 2,037 wasiopasuliwa. Wengi wao walibanwa tumbo na wachache walifanyiwa mchepuko, lakini ushahidi kwamba kupungua kwa upasuaji huongeza maisha ukawa umepatikana.

Hatari nayo ilipungua. Mwaka 1994 Alan Wittgrove na Wesley Clark wa San Diego walieleza jinsi ya kufanya mchepuko kwa matundu madogo na kamera, bila kufungua tumbo lote. Utafiti wa hospitali kadhaa zenye uzoefu nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba katika siku 30 za kwanza walikufa watu 3 hivi kati ya kila 1,000. Hapo msisitizo uko kwenye neno uzoefu.

Nani anafaa? Mwaka 1991 wataalamu walioitwa na serikali ya Marekani waliweka kipimo. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Ukipata 40 na zaidi, au 35 na una maradhi kama kisukari, ulifaa kufikiriwa. Mwaka 2022 vyama vya madaktari hao vililegeza: 35 kwa yeyote, na hata 30 kwa mwenye kisukari. Dada yangu anapata karibu 45. Kwa kipimo chochote anafaa. Utapeli si huo.

Kwa hiyo nilimpigia simu nikamwambia: dada, jambo lenyewe ni kweli. Sasa sikiliza sehemu ambayo wakala hakukwambia.

Ukichepushwa, utameza vitamini na madini hadi siku ya kuzikwa: B12, chuma, chokaa, vitamini D. Ukiacha, damu itapungua, mifupa italegea, mishipa ya fahamu itaharibika, tena polepole, bila kelele. Ukitapika mfululizo katika miezi ya mwanzo, ubongo unaweza kudhurika kwa ukosefu wa vitamini B1. Ukinywa soda au chai ya sukari nyingi, huenda jasho likakutoka, moyo ukaenda mbio na tumbo likakuendesha. Zile dawa za diklofenaki unazonunua dukani kwa ajili ya magoti hutazigusa tena, maana zinatoboa vidonda pale kwenye maungio. Dawa zako za kisukari lazima zipunguzwe na daktari kwa vipimo, la sivyo sukari itashuka hadi uzimie. Na ukirudia kula vitamu kidogo kidogo kutwa nzima, unaweza kunenepa tena.

Nikamwambia pia asichanganye mambo. Mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, ilianza kuwawekea watu puto tumboni ili kupunguza uzito. Puto huwekwa bila kupasua na huondolewa baada ya muda. Mchepuko ni kitu kingine. Umekusudiwa uwe wa maisha. Zipo pia sindano mpya zinazoiga homoni ya shibe, kama semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani kutibu unene mwaka 2021. Bei yake ni kubwa, na wengi wakiiacha uzito hurudi.

"Basi niuze kiwanja au nisiuze?" akauliza.

Nikamwambia hilo si langu kuamua. Nilimpa maswali matatu ya kumwuliza wakala. Daktari huyo amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na hulifuata daftari la wagonjwa wake kwa miaka mingapi? Nikirudi Morogoro, ni nani atakayenipima damu mwezi wa sita, mwaka wa kwanza, mwaka wa kumi? Na mshono ukivuja nikiwa nyumbani, nani ataupokea mwili huu?

Dada alimtumia wakala maswali hayo kwa maandishi. Bei ilikuwa ikijibiwa kwa dakika mbili. Maswali haya yalikaa siku tatu, kisha likaja jibu: karibu sana mama, nafasi ni chache, wahi.

Kiwanja cha Kihonda bado hakijauzwa. Dada amekwenda kwenye kliniki yake ya kisukari, akamwonyesha daktari maswali yale yale, na daktari hakumcheka. Amemwandikia barua ya kwenda kuonana na daktari bingwa wa upasuaji Dar es Salaam mwezi ujao. Huenda akapasuliwa, huenda asipasuliwe. Nitampeleka mwenyewe, na daftari nimekwisha kumnunulia: uzito, sukari, dawa, tarehe. Ameanza kuliandika.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye unene wa maradhi ameufichwa na sisi sote kwa sifa na kwa vicheko. Kama yuko nyumbani kwako, usimcheke, na usimharakishe kwenda kwenye kisu. Keti naye mwulize maswali, na majibu myaandike.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.